Kwetu Bichi Si Mahali pa Kuogelea

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, Mombasa, wenzangu wa hosteli waliniambia Jumamosi moja, "Jipange, jioni tunaenda bichi." Nikasema sawa. Saa kumi nikatokea nje nikiwa na ndoo ndogo ya kifuniko. Jamaa mmoja akaniangalia, akaangalia ndoo, akauliza, "Hiyo ni ya nini?"

Nikamjibu kwa roho safi kabisa, "Si ya samaki? Ama nyinyi mnabebea nini?"

Wasee, walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wao walikuwa wamevaa kaptula na malapa, wamebeba taulo na spika. Mimi na ndoo yangu. Kutoka siku hiyo mpaka mwisho wa muhula jina langu lilikuwa Ndoo. Nikacheka nao, kwa sababu ukikataa jina ndilo linashika zaidi. Lakini usiku nilijiuliza: kwani ni mimi nilikosea? Nimesikia neno hilo tangu nizaliwe. Mimi ni mtoto wa bichi. Inawezekanaje nisijue maana yake?

Miaka imepita, nimesoma kidogo, nimeuliza wazee, na leo nataka kusema bila aibu: sikukosea. Neno la Kiingereza "beach" lina historia ndefu kuliko taulo na spika, na maana tunayoitumia Homa Bay na Migori iko karibu na mizizi yake kuliko ile ya kwenye picha za likizo. Tena kuna kitu kikubwa kinachoning'inia hapo. Nitafika.

Kwanza nikueleze kwetu neno linatumikaje. Nimekulia mjini Homa Bay, si mbali na Koginga, na kwa mamangu ni Sori, kaunti ya Migori. Ndiyo, najua, ukisikia Migori unawaza ule mji wa barabara kuu ya kwenda Tanzania, na pale hakuna ziwa, kuna mto. Ziwa liko upande wa Nyatike: Sori, Karungu, Muhuru Bay.

Sasa huko, mtu akisema "mama ameenda bichi", maana yake mama yuko kazini. Akisema "bichi imekauka leo", hazungumzii maji, anasema samaki hawakuletwa. "Bei ya bichi" ni bei ya kwanza, kabla mchuuzi hajaongeza yake. "Watu wa bichi" ni wavuvi, wenye mashua, akina mama wa omena, fundi wa kushona nyavu, fundi wa injini, mwenye hoteli ya chai na mandazi, na kijana wa bodaboda anayesubiri mzigo. "Mwenyekiti wa bichi" ni mtu wa heshima, ukigombana na mwenzako juu ya nyavu zilizoibwa unapelekwa kwake kabla ya polisi. Na ukiuliza mtu anaishi wapi, anaweza kukutajia jina la bichi na ukafika bila kuuliza tena.

Kwa hivyo bichi ni ofisi, soko, anwani, na serikali ndogo. Kuogelea kupo, watoto wanaogelea, lakini hakuna anayefunga safari kwa ajili hiyo. Dani yangu wa Sori alikuwa akituona tunazurura pale asubuhi mikono mitupu anatufokea: "Nyathina, bichi haiendwi kutembea!" Ukienda, ubebe kitu. Ndoo, kwa mfano.

Haya, turudi Uingereza kidogo. Neno hili lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza karne ya 16, na maana yake ya kwanza haikuwa mchanga wa kuotea jua. Ilikuwa kokoto: yale mawe madogo ya mviringo yaliyosuguliwa na mawimbi. Kwenye lahaja za Kent na Sussex, kusini mashariki mwa Uingereza, maana hiyo ilibaki muda mrefu. Baadaye neno likahama kutoka kwa mawe likawa mahali penyewe yalipo mawe. Nani alikuwa pale? Wavuvi. Mashua zilivutwa nje ya maji zikapumzishwa juu ya kokoto, nyavu zikaanikwa, samaki wakauzwa. Yaani bichi.

Likizo ilikuja baadaye sana. Katikati ya karne ya 18 daktari mmoja, Richard Russell, aliandika kitabu akidai kwamba maji ya bahari yanatibu magonjwa ya tezi. Kuoga baharini ikawa dawa. Akafungua kazi yake Brighton, mji wa wavuvi wa pwani ya Sussex, na matajiri wakamfuata. Baada ya matajiri ikafuata familia ya kifalme.

Hapa ndipo ningependa usimame. Wavuvi wa Brighton walikuwa na uwanja wao wazi unaoitwa Steine, karibu na maji, walipoanika nyavu na kuweka mashua. Wageni walipoongezeka, uwanja ule ukaanza kusawazishwa na kurembeshwa ili watu wa heshima watembee jioni. Nyavu zikaonekana uchafu. Kufikia miaka ya 1820 uwanja ulikuwa umezungushiwa uzio, na wavuvi wamesukumwa kando. Hapo ndipo neno lilipoanza kubadilika maana. Halikubadilishwa na kamusi. Lilibadilishwa na uzio.

Weka hiyo akilini, tutairudia.

Sisi hatukungoja Mwingereza atupe jina la mahali mashua inapofika. Kijaluo kina "wath", au "dho wath", mdomo wa kufikia. Kabla ya ukoloni, ukoo uliokaa karibu na maji ndio uliosimamia wath yake: nani anavua, nani anapita, nani anapewa samaki wa kwanza. Ukivuka mpaka ukaenda upande wa Mwanza au Musoma utasikia "mwalo", na ikiwa mingi ni "mialo". Zanzibar wana "diko". Waganda nao wana "omwalo". Kwa hivyo Kiswahili kina maneno yake mazuri, na bado sisi wa upande wa Kenya tunasema bichi. Hata mzee akizungumza Kijaluo safi, utasikia "bich" ikipita katikati kama samaki kwenye wavu wa macho makubwa.

Kwa nini? Maoni yangu ni haya: neno la Kiingereza liliingia pamoja na daftari. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901. Meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa zikichukua abiria na mizigo, na Homa Bay ikawa mojawapo ya vituo. Mwaka 1905 nyavu za makila za kutoka Ulaya zikaletwa kwenye ghuba yetu. Kabla ya hapo watu walivua kwa mitego ya matete, vikapu na ndoano. Nyavu mpya zilikamata ngege kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, soko la reli likameza kila kitu, na baada ya miaka ishirini hivi samaki kwa kila wavu walikuwa wamepungua vibaya. Ndiyo sababu Waingereza walimtuma mtaalamu, Michael Graham, kuchunguza ziwa mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ilipendekeza macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5.

Umeona kinachotokea? Mara tu serikali inapotaka kuhesabu samaki, kupima nyavu na kutoa leseni, inahitaji mahali pa kusimama na daftari. Mahali hapo ni pale mashua inapofika. Wath ilikuwa ya ukoo. Bichi ikawa ya ukoo na ya karani. Si kwamba neno moja lilifuta lingine. Yalikaa pamoja, kama watu wawili kwenye bodaboda moja.

Halafu akaja mbuta. Mnajua stori hii nusu nusu, ngoja niimalize. Samaki huyu mkubwa aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa muda akanyamaza. Miaka ya 1980 akalipuka. Fulu, wale samaki wadogo wa aina mamia ambao babu zetu walikula, wengi wakatoweka. Lakini pesa zikaja. Viwanda vya kukata minofu vikafunguliwa, malori yenye barafu yakaanza kufika mpaka vijijini, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Bichi ya mbali kabisa Nyatike au Mbita ikawa imeunganishwa na meza ya mtu Hispania. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango mara kadhaa kwa sababu za afya, watu ambao hawajawahi kufika hata Nairobi walilala njaa kwa uamuzi uliofanywa Brussels. Kuanzia hapo, "bichi" ikawa na maana nyingine: mahali ambapo dunia inakupata.

Na si wote waligawana sawa. Mbuta alikuwa na malori na viwanda, na biashara yake ikashikwa zaidi na wanaume wenye mtaji. Akina mama wakabaki na omena, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Mamangu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anafunga leso mbili kwa sababu ya baridi, anachukua beseni na gorogoro yake ya kupimia. Mashua zinafika kabla jua halijachomoza. Usipokuwepo, hupati. Lakini hata ukiwepo, mwenye mashua ndiye anaamua ni nani auziwe. Kutokana na hilo ikazaliwa jaboya, ule utaratibu mchafu ambapo mwanamke analazimishwa kutoa mwili wake ndipo apate samaki wa kununua. Ukimwi uliumiza sana kaunti za ziwa, na jaboya ni sehemu ya sababu. Sitaki kuipita kimya kimya kana kwamba bichi ni paradiso. Si paradiso, ni kazini, na kazini kuna dhuluma. Mwaka 2011 akina mama wa Nduru, upande wa Nyakach kule Kisumu, walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili wasimwombe mtu. Jibu lao halikuwa kuhama bichi. Lilikuwa kuishika.

Mwaka 2007 neno letu likaingia kwenye sheria. Kanuni za uvuvi za mwaka huo zilianzisha BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa bichi. Kabla ya hapo kulikuwa na kamati na viongozi wa bichi, lakini sasa kila bichi ikawa na sajili ya wanachama, uchaguzi, kamati, na jukumu la kulinda samaki wachanga. Kila Aprili mpaka Julai, omena wanapofungiwa ili wazaane, ni BMU inatazamwa kwanza. Kuna BMU safi na kuna zilizooza, kama serikali yoyote. Lakini fikiria: mvuvi asiye na shamba, asiye na cheti, ana kura bichini. Baria, kijana anayepiga kasia kwenye mashua ya mtu mwingine, anaweza kusimama mkutanoni akamuuliza mwenye mashua swali. Kwenye hoteli ya kitalii hakuna kitu kama hicho.

Ukitaka kuona neno hili lina uzito gani, angalia Migingo. Kajiwe ka nusu ekari hivi, kamefunikwa na mabati mpaka ukingoni, upande wa Nyatike, na nchi mbili zimekavutania miaka mingi. Mwaka 2009 Rais Museveni alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini maji yanayokizunguka, akasema, ni ya Uganda. Wengi walicheka. Mvuvi hakucheka, kwa sababu alielewa mara moja. Kisiwa bila maji ni jiwe tu. Mvuvi habanwi na nani anamiliki jiwe. Anabanwa na mahali mashua inaruhusiwa kutoka na kurudi. Kumbuka pia Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya ziwa lote. Ukiwa na kidogo, kila mita ya ukingo ni mali.

Sasa tufike kwenye kile nilichosema kinaning'inia.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda. Mwezi wa Mei lilifikia kiwango kilichovunja rekodi ya mwaka 1964. Maji yaliingia kwenye mabanda, vyoo, vibanda vya chai, mashamba ya mtama. Sehemu tuliyokuwa tukianikia omena kule Sori ilikwenda chini, na ukisimama leo unaonyesha kwa kidole majini: pale ndipo palikuwa na mwembe. Mchanga ulikwenda, kokoto zilikwenda. Je, bichi ilikwenda?

Haikwenda. Watu waliokota mabati yao wakarudi nyuma hatua hamsini, wakafunga mashua kwenye mti mwingine, na kesho yake asubuhi mtu akasema, "Naenda bichi." Jina lilelile, mwenyekiti yuleyule, sajili ileile. Hapo ndipo nilielewa kwamba bichi haijawahi kuwa mchanga. Ni makubaliano ya watu kwamba hapa ndipo tunafikia.

Shida ni kwamba ukirudi nyuma hatua hamsini unakuta shamba la mtu. Kuna mahali kwetu ambapo njia ya kushuka majini, njia ambayo dani aliipita akiwa msichana, sasa ina ukuta na lango. Simtaji mwenyewe. Alinunua kwa halali, ana karatasi. Anataka kujenga mahali pazuri pa wageni, na mimi sina chuki na wageni, waje, walale, wale samaki, waende Rusinga wakaone kaburi la Tom Mboya. Lakini pale langoni ameweka kibao kilichoandikwa kwa Kiingereza neno "beach" na neno "private", na akina mama wenye mabeseni wanazunguka mbali kulifikia ziwa lilelile.

Kwa Katiba ya 2010, Ibara ya 62, ziwa ni ardhi ya umma. Sawa. Lakini maji ya umma yasiyo na njia ya umma ni kama Migingo ya Museveni, ila kinyume. Wana pwani wamelia juu ya hili miaka na miaka: njia za kushuka baharini zimefungwa na hoteli na majumba, na madiko ya wavuvi yamebanwa. Brighton walilia miaka mia mbili iliyopita.

Ndio maana nasema tusione haya kuhusu neno letu. Kila mpango mkubwa unaokuja kwetu sasa unazungumza juu ya uchumi wa ziwa, utalii, ufuo wa kisasa. Picha zinazochorwa zina miavuli, viti vya kulala na watu wembamba wenye miwani. Sijaona picha yenye beseni. Sijaona yenye kichanja cha kuanika omena. Mtu akichora bichi bila watu wa bichi, usidhani amesahau. Ana maana yake ya neno hilo, na siku akipata bajeti atalijenga kwa maana hiyo.

Sisi vijana tunasaidia bila kujua. Tunapiga picha machweo pale Mbita, tunakata mashua chakavu nje ya fremu, tunamwambia mama wa omena asogee kidogo. Nimefanya hivyo, aki, zaidi ya mara moja. Halafu tunaandika "beach vibes". Tunajifuta wenyewe kwa simu zetu.

Kwa hivyo nimejiwekea sheria ndogo. Nikipiga picha kwetu, beseni linabaki. Kikiitishwa kikao cha BMU na niko nyumbani, naenda, hata kama nakaa nyuma na kusikiliza tu. Na mpango wa ufuo wowote ukiletwa kwa maoni ya wananchi, swali langu la kwanza litakuwa moja: njia ya kushuka majini iko wapi kwenye hii ramani, na ina upana gani?

Desemba iliyopita yule jamaa wa Mombasa, aliyenipa jina la Ndoo, alikuja kunitembelea Homa Bay. Asubuhi ya pili nilimwamsha saa kumi na moja, giza bado. Akauliza tunaenda wapi. Nikamwambia, "Bichi." Akaanza kutafuta taulo.

Nikampa ndoo.